Darasa la awali: niliacha keki na majoho, nikafungua soko

Mama Vizibo (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, shule ya serikali, kijijini huku Kilosa. Watoto 84, chumba kimoja, mwalimu ni mimi. Kila ikifika Novemba nikifungua simu nakutana na picha za watoto wa chekechea wamevaa majoho, keki ya ngazi tatu, maputo mpaka darini, na wenzangu wananiuliza, "Nyie mahafali lini?" Sisi hatuna. Sisi tulikuwa na soko. Nieleze ilivyokuwa, halafu mnipinge.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mapema mwaka huu mzazi mmoja mwenye uwezo alileta keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Sikufikiri mara mbili, nikaipokea. Hebu jaribu wewe kukata keki ya kilo moja vipande 84. Yakawa makombo, na waliokaa nyuma walilamba karatasi. Lakini kilichoniuma kilikuja baadaye, wakati tunatoka. Binti mmoja akanivuta dera: "Mwalimu, na mimi nimezaliwa lini?" Nikafungua rejesta. Januari mosi. Nikatazama wengine, karibu robo ya darasa wamezaliwa Januari mosi. Mliowahi kuandikisha watoto kijijini mmeshanielewa: mzazi hakumbuki tarehe, mwandikishaji ana foleni, basi mwaka unaanzia hapo hapo.

Nikamfuata bibi yake. Akanijibu bila kusita, "Huyu kazaliwa tunavuna mpunga." Kumbe tarehe ipo, ila haikuwa kwenye karatasi. Basi nikabandika ukutani picha nne: mvua, mpunga, vumbi la kiangazi, na embe. Kila mtoto akaenda kuuliza kwao, akarudi akabandika kizibo chake cha soda chini ya picha yake. Wenye mpunga tunawaimbia siku moja, wote pamoja, na uji wa siku hiyo unaongezwa sukari. Sherehe imekwisha. Hakuna aliyelamba karatasi.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: hizi siku tunazowafanyia watoto, mtoto mwenyewe anafanya nini? Mara nyingi anakaa, anapigwa picha, analia kwa sababu ya joto.

Sasa soko. Niliiweka kwenye azimio la kazi (mpango wa masomo wa mwalimu) kama mada ya wiki tatu.

Wiki ya kwanza tulikwenda gulioni. Kwa makundi, siyo wote 84 kwa mpigo, sijachanganyikiwa. Akina mama wanne walijitolea, na kila kundi lilishika kamba ya mkonge yenye mafundo, kila mtoto na fundo lake. Kazi ilikuwa swali moja tu kwa muuzaji mmoja: "Unapimia nini?" Walirudi na kisado, debe, kopo, fungu, mkungu, na mmoja akarudi na "macho". Nilimuuliza macho vipi, akasema mama wa dagaa kamwambia, "Mimi napima kwa macho."

Wiki ya pili tukajenga. Maboksi ya sabuni ndiyo meza. Nyanya ni udongo tuliofinyanga tukaupaka udongo mwekundu. Mizani ni fimbo na makopo mawili ya maziwa. Pesa tulikata manila, na hapa watoto walinifundisha mimi. Hawajui kusoma tarakimu za maelfu, lakini noti wanazijua kwa wanyama: elfu mbili ni simba, elfu tano ni faru, elfu kumi ni tembo. Nikawachorea. Ugomvi ukazuka siku hiyo hiyo, kwa sababu sarafu ya mia mbili nayo ina simba. Mteja kaleta simba, muuzaji anadai simba huyo siye. Walibishana mpaka kitoto kimoja, cha miaka mitano, kikatoa hukumu: "Simba wa chuma ni mtoto wa simba wa karatasi." Nikaiacha hivyo hivyo. Mpaka leo darasani kwangu ndiyo sheria.

Wiki ya tatu tukafungua soko, wazazi ndio wateja. Getini unapewa vizibo kumi badala ya noti za manila, ndizo hela zako. Kuna mtoto wa kiume ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake. Nilishapanga kumwita mzazi, nikidhani hasikii. Nilimweka kwenye nyanya kwa sababu nyanya hazihitaji maneno, zinajipanga tu. Mama mmoja akasimama mbele yake. Kimya. Halafu nikasikia, "Karibu mama, fungu mia mbili, nakuongeza moja." Kwa lafudhi ile ile ya gulioni, na mkono umeshachukua nyanya ya nyongeza.

Mwisho akaja mwalimu mkuu, amechelewa, vizibo vimekwisha. Akasema, "Nikopeshe mafungu mawili." Watoto wakatazamana. Binti yule aliyeniuliza amezaliwa lini akaokota kipande cha mkaa, akachora kwenye boksi duara moja tupu (mwalimu mkuu ana kipara, na naomba asiwe humu), kisha akachora mistari miwili pembeni. Akampa mafungu mawili.

Mimi nilikaa chini. Tangu Januari nawashika mikono kufuatisha a, e, i, o, u kwenye nukta, na wengi wanaandika huku wanatazama dirishani. Huyu hajaambiwa na mtu, kaandika nani anadaiwa, na kiasi gani. Kesho yake kila meza ilitaka daftari la madeni.

Gharama yangu yote: manila tatu, rangi, na unga wa ngano wa gundi. Shilingi 6,500. Mzazi hakutoa senti.

Karibuni.

---

Baba Wawili

Mwalimu, ungekuwa Dar ningekuletea wanangu wote wawili kesho asubuhi.

Shule ya mwanangu mdogo (shule siitaji) wana siku ya kila kitu. Siku ya rangi, siku ya matunda, siku ya kazi za watu, siku ya nguo za kulalia. Tatizo siyo siku, tatizo ni ujumbe kuingia saa tatu usiku: "Mzazi mpendwa, kesho mtoto avae nyekundu tupu." Saa tatu usiku! Nilichukua bajaji nikazunguka Mbagala nzima. Fulana nyekundu ya saizi yake iliyokuwa imebaki ilikuwa moja, ya Simba.

Mimi ni Yanga tangu tumboni.

Nikainunua. Mtoto akaenda, akarudi. Nikamuuliza, "Haya baba, leo mmejifunza nini?" Akasema, "Tumekaa." Tumekaa! Nimevunja undugu na ukoo mzima kwa ajili ya "tumekaa".

---

Kinyozi wa Mtaa

Hahaha, Baba Wawili, fulana iko wapi sasa hivi?

---

Baba Wawili

Anailalia kila siku. Tuendelee na mada.

---

Ticha wa Mjini

Mimi nafundisha shule binafsi, chekechea, mjini. Nimesoma uzi wote na nina la kusema, msinishambulie.

Mwalimu wa serikali una uhuru ambao sisi hatuna. Kwetu sherehe ndiyo tangazo la shule. Mwenye shule anataka picha kabla ya saa sita mchana, ziwe zimeshapanda mtandaoni. Mzazi anayetafuta nafasi ya Januari haangalii azimio la kazi, anaangalia picha. Kama mtaa wa pili wana maputo na sisi hatuna, watoto kumi wamehama.

Na niwaambie siri ambayo kila mwalimu wa chekechea ya mjini anaijua. Wale vipepeo wa karatasi mnaowaona ukutani, wote sawasawa, mbawa zimekunjwa vizuri, kila mmoja na jina la mtoto chini? Nimewakata mimi. Usiku, sebuleni, na mdogo wangu ananisaidia. Mtoto kabandika macho mawili tu, tena moja nililirekebisha. Mzazi anakuja anasema, "Jamani, mwanangu ana kipaji!" Mimi nacheka tu.

Mwaka huu nilijaribu kuacha kipepeo cha mtoto kama alivyokitengeneza mwenyewe. Kilikuwa na bawa moja na miguu kumi na kitu. Niliambiwa nikitoe, kinaharibu ukuta.

---

Mama Vizibo

Ticha, sikucheki hata kidogo, pole. Lakini jaribu hivi: usikitoe, kiandikie maneno ya mtoto chini yake. Muulize, "Hiki ni nini, kwa nini kina miguu mingi?" Andika anachokujibu, neno kwa neno. Mimi nilikuwa na picha ya mbuzi asiye na kichwa, nikaandika chini: "Kichwa kiko ndani ya ndoo anakunywa maji." Hakuna aliyewahi kuniambia niitoe. Afisa elimu kata aliipiga picha.

---

Mjukuu wa Bibi

Nitapinga kidogo kuhusu majoho.

Mimi ni wa kwanza kwetu kumaliza kidato cha nne. Mwaka jana binti yangu alivaa joho la chekechea, la kukodi, refu mpaka anajikwaa. Bibi yangu aliletwa kutoka kijijini, hajawahi kukaa darasani maisha yake yote. Alivyomuona kitukuu chake na ile kofia alilia mpaka watu wakageuka. Alinishika mkono akasema, "Kumbe na sisi tunavaa."

Mnasema ni upuuzi, na kwa wengine huenda ni upuuzi kweli. Lakini msitake kuniambia ile siku haikuwa na maana. Haikuwa ya mtoto, nakubali. Mtoto alikuwa anasinzia. Ilikuwa ya bibi.

---

Mama Vizibo

Hilo nalipokea kwa mikono miwili, na sina jibu lake zuri. Bibi wa watu asinyimwe siku yake.

Nitakachosema ni kuhusu darasa langu tu. Joho la kukodi huku ni elfu kumi na tano. Elimu bila malipo ipo tangu 2016, lakini mchango wa sherehe unaingilia mlango wa nyuma, na mtoto ambaye kwao hawakuweza huwa haji siku hiyo. Hasemi. Haji tu. Na darasani kwangu wangekuwa zaidi ya nusu.

Mabibi waliokuja sokoni nao walikuwa wengi. Mmoja alibishana bei na mjukuu wake dakika kumi, akaondoka hajanunua. Mjukuu akamwita arudi.

---

Mwalimu wa Mnazini

Hamjambo wandugu wa bara. Mimi nafunza PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) huku Kilifi, Kenya, kituo cha chekechea cha kaunti. Huu uzi nimeletewa na rafiki, nikaona niweke na langu.

Sisi mada yetu kubwa ni mnazi. Nilianza nayo kwa sababu ya umaskini, sina haja ya kuficha. Hela ya vifaa ilichelewa, na nikiangalia nje ya dirisha naona minazi tu. Nikasema, haya, tutafunza kile tunachokiona.

Siku ya kwanza niliwapangia chini nazi za kila umri, tangu ua: upunga, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Vitu vyenyewe, sio picha. Nikavichanganya nikawaambia, "Nipangieni, mdogo mpaka mkubwa kwa umri." Kidaka na nazi wanajua wote. Balaa ni dafu na koroma. Kwa nje zafanana, na mtoto hawezi kusema ipi ni ipi. Mmoja akaziokota, akazitikisa sikioni, moja baada ya nyingine, akasema, "Hii yalia, hii haijalia." Nikajua huyu kwao kuna mgema.

Tukaendelea wiki mbili. Hesabu twahesabia vifuu. Vidole vyafanya mazoezi kwenye kusuka makuti, na nawaambia, mkono uliosuka kuti hautetemeki ukishika penseli. Sayansi: kifuu chaelea, jiwe lazama, na nazi nzima je? Walikisia, tukatia majini. Lugha ndiyo usiseme: mbuzi ya kukunia, kifumbu (cha kukamulia tui), tui, machicha, upawa, kumbi, chelewa. Mtoto wa miaka mitano anamaliza wiki na maneno ishirini, na kila neno amelishika mkononi.

Sherehe yetu ni siku ya kukuna. Wazazi waja, wali wa nazi wapikwa shuleni, watoto wakuna. (Mbuzi ina meno, kwa hivyo kila mtoto anakuna na mtu mzima amemshika mkono. Hiyo sio ya mzaha.) Chakula kikiisha, kila mtoto anamwonyesha mgeni kitu kimoja na kumwambia jina lake na kazi yake. Wageni wa mjini hawakujua kifumbu ni nini. Watoto walicheka.

---

Bi Maandalizi

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya maandalizi, Unguja, sasa nimestaafu.

Mwalimu wa Kilifi, umenikumbusha mbali. Haya ya vifuu, makombe ya pwani, vipande vya khanga na mikoba ya ukili tuliyafanya tangu zamani. Ule mpango wa Madrasa ulioanzia hapo Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa mmoja wa walioujenga mwanzo kabisa, ulifika kwetu Unguja mwaka 1990. Fikra yake ilikuwa nyepesi: watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani kila siku, mama zao wapo, jengo lipo. Basi hapo hapo mtoto acheze, achague pembe ya kuchezea, na vifaa vitoke jikoni kwa mama yake. Baadaye tukapata na Tucheze Tujifunze, vipindi vya redio, mwalimu anafungua redio na watoto wanaimba na kuruka pamoja nayo. Nakumbuka betri zikiisha tunaendelea kuimba wenyewe, redio imenyamaza.

Sasa nataka kusema jambo la sikukuu. Sisi Idi tuliifanya kabla ya kufunga skuli, na jambo moja nililipiga marufuku darasani mwangu: hakuna kuulizana nani kashonewa nini. Badala yake niliwauliza, "Idi inanukaje?" Mmoja udi, mmoja karafuu, mmoja mafuta ya taa kwa sababu babake ana jiko jipya. Tukaleta vijaluba vya harufu, macho yamefungwa kwa kitambaa, watabiri. Iliki, mdalasini, karafuu, ubani. Mtoto masikini na mtoto tajiri pua zao sawasawa.

Na hao watakaosema tulikwenda tukacheza tu, waje wawaulize watoto wale, wengine sasa ni walimu.

---

Mama Vizibo

Bi Mkubwa, shikamoo. Hilo la harufu naliiba leo leo. Darasa langu lina Waislamu na Wakristo, na sikukuu huwa zinanipa shida, naogopa kuegemea. Mwaka jana nilisema kila mtoto achore chakula cha sikukuu ya kwao. Karatasi 84, pilau 79.

---

Bi Maandalizi

Marahaba mwanangu. Na hao watano?

---

Mama Vizibo

Soda.

---

Nesi Mstaafu

Mada nzuri, ila naombeni niwe mkorofi kidogo. Walimu wa mada za mbegu, shanga na vizibo: naipenda kazi yenu, lakini nyie ndio mlionipa wateja miaka ishirini.

Mtoto mdogo anaingiza kitu puani, ndivyo alivyoumbwa. Mbaya sana ni harage na mahindi makavu, kwa sababu likikaa kwenye unyevu linavimba, na kila dakika linazidi kukaza. Tafadhali msichokonoe kwa kijiti wala kibanio, mnalisukuma ndani. Mtoto apelekwe kituo cha afya. Ukiona mtoto ana makamasi yanayonuka, tena upande mmoja wa pua tu, usimpe dawa ya mafua. Huenda kuna kitu mle.

Na maputo, Ticha wa Mjini. Puto likipasuka, vipande vyake viokotwe papo hapo. Kile kiraka cha mpira kikiingia kooni kinaziba kama kifuniko. Karanga nzima pia, kwa walio chini ya miaka mitano, ziacheni. Zisagwe.

Nimemaliza. Mama Vizibo, ukingo wa kizibo unakata, unaujua?

---

Mama Vizibo

Naujua, shikamoo. Navipigilia kwa nyundo kwanza vilale. Mume wangu analalamika na kelele. Mbegu nahesabishia embe na ubuyu tu kwa walio wadogo, na ubuyu nausimamia mimi kwa sababu wanaumung'unya.

---

Fundi Cherehani

Samahani, mimi siyo mwalimu, ila nina swali la mzazi. Mtoto anasuka makuti, anauza nyanya za tope, ananusa karafuu, sawa. Darasa la kwanza anaingia hajui kusoma? Mtoto wa jirani yangu, wa chekechea ya kulipia, anasoma gazeti.

---

Ticha wa Mjini

Huyo anayesoma gazeti muulize habari aliyosoma inahusu nini.

---

Mama Vizibo

Fundi, swali lako ni la haki, na ndilo wanaloniuliza wazazi wote getini, sijakasirika.

Nikupe mfano mmoja wa hesabu. Kila asubuhi, kabla ya uji, mtoto mmoja anaweka kijiti kimoja kwenye kopo. Siku moja, kijiti kimoja. Vikifika kumi tunavifunga kwa mpira, fungu linahamia kopo la pili. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo wanafika mpaka mafungu kumi yakafungwa kuwa furushi moja, na lile furushi linahamia kopo la tatu. Siku ya furushi tunapiga vigelegele. Mwaka huu mtoto alikuja ananiambia, "Mwalimu, leo ni furushi moja, mafungu mawili na vijiti vitatu." Hiyo ni 123. Hajaandika tarakimu hata moja, lakini anajua ile 1 ni furushi, siyo kijiti. Nina watoto wa darasa la tatu ambao hawajui hilo, wanakokotoa tu.

Kusoma kunakuja. Yule binti wa mkaa sasa hivi anaandika majina ya watu watano, na alianza na wanaodaiwa.

---

Mama wa Ohio

Ndugu zangu, mimi ni wa Tanga, niko Columbus, Ohio, mwaka wa saba. Furushi la vijiti limenichekesha, kwa sababu huku shule nyingi zina Siku ya Mia, na hesabu ni hiyo hiyo ya siku za shule. Kila mtoto anakuja na vitu mia moja kutoka nyumbani. Wenzake walileta vibandiko, pamba, pipi. Mimi na mwanangu tulikaa sakafuni tukahesabu mbegu mia za ubuyu, zimefungwa kumi kumi kwenye vimifuko. Ubuyu wenyewe ulitoka Tanga kwa mkono wa mgeni, tuliula wiki nzima ili tupate mbegu.

Mwalimu wake alimwomba asimame aeleze. Mtoto huyu Kiswahili anakielewa ila anajibu kwa Kiingereza, ndiyo shida yangu kubwa hapa. Siku hiyo aliporudi aliniambia, "Mama, nimesema *mbuyu*, wote wamesema *mbuyu*." Watoto ishirini wa Ohio wakisema mbuyu. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikatoka.

Jambo moja zuri la huku: kalenda yote ya siku maalumu inatoka mwezi mzima kabla. Baba Wawili, ungefaidi.

---

Baba Wawili

Mwezi mzima! Ningepata nyekundu isiyo ya Simba kwa wakati.

---

Mwalimu wa Mnazini

Swali kwa wa Tanzania: Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, mwafanyaje? Kwetu ni katikati ya muhula wa pili, tuko darasani. Lakini nashindwa kuwaambia watoto wa miaka mitano habari ya wanafunzi waliopigwa risasi Soweto, Afrika Kusini, 1976 bila kuwatisha.

---

Mama Vizibo

Kwetu mara nyingi shule zimefungwa, tunaifanya kabla ya likizo. Na mimi risasi sizitaji. Nawaambia: kulikuwa na watoto waliolazimishwa kusoma kwa lugha wasiyoielewa, wakakataa, wakatoka barabarani. Halafu nafundisha dakika tano kwa Kiluguru. Nusu ya darasa wanaelewa na kucheka, nusu wanabaki wananikodolea macho. Kisha nawauliza wale wasioelewa, "Mmejisikiaje?" Mwaka huu mmoja alisema, "Kama umenifungia nje."

Yaliyobaki watayasoma wakikua.

---

Kinyozi wa Mtaa

Mwalimu, nilisoma kimya kimya mpaka hapa. Ile mizani ya makopo unaifungaje isiegemee upande mmoja? Binti yangu ameshaanza kunidai.

---

Mama Vizibo

Tafuta fimbo iliyonyooka, urefu wa mkono wa mtu mzima. Usipime katikati kwa macho. Ilaze juu ya kidole kimoja mpaka itulie, hapo ndipo pa kufungia kamba ya juu. Kwa kisu kata vijichale vidogo viwili, kimoja kila mwisho, umbali sawa kutoka hapo, ili kamba za makopo zisiteleze. Kila kopo litoboe matundu matatu siyo mawili, la sivyo linainama na nyanya zinamwagika. Kama bado inaegemea, usihangaike kufungua: dondosha mchanga kidogo kwenye kopo jepesi mpaka zilingane. Watoto wakuone ukifanya hivyo. Wataanza kukushuku wewe kwanza, kisha watataka kujaribu.

Na kuhusu kudaiwa, kinyozi, lipa mapema. Lile boksi la mkaa bado liko ukutani darasani. Jumatatu mwalimu mkuu alipita kukagua usafi, binti akamwonyesha duara lake kwa kidole, hakusema neno. Ile mistari miwili bado ipo. Leo asubuhi imekuwa mitatu, na nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Amekaa nayo sana."